Farasi au mshauri wa imani? Ulinganisho kwa aliyeumia moyo akiwa Dodoma

Mtu akifiwa, akitelekezwa, akinusurika ajali au akifanyiwa ukatili, ushauri wa kwanza anaoupata hapa kwetu ni mmoja: nenda ukaombewe. Ni ushauri wa upendo, na kwa wengi umesaidia. Siku hizi umejitokeza mwingine. Watu wanaona kwenye simu zao video za wagonjwa wa kiwewe huko Marekani na Ulaya wakisimama karibu na farasi, wakilia, wakipumua, wakiondoka wepesi. Wanajiuliza kama jambo hilo ni la kweli, na kama mtu wa Chamwino au Makole ana sababu ya kutafuta nauli ya kulifuata.

Ninaziheshimu njia zote mbili, na ninaamini anayechagua anastahili kuelezwa kila moja ilivyo, pamoja na kasoro zake. Lakini kuna jambo linalotangulia. Ukiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hujalala kwa siku kadhaa, au umeanza kufikiria namna ya kujiua, usianze na farasi wala maombi peke yake. Nenda hospitali iliyo karibu nawe au Mirembe. Hospitali hiyo ya taifa ya afya ya akili ipo hapahapa Dodoma tangu 1927, na kuhudhuria kliniki yake si kulazwa. Wanaoenda asubuhi na kurudi nyumbani mchana ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Njia ninazozilinganisha hapa zinaweza kwenda pamoja na dawa, lakini haziwezi kushika nafasi yake.

Vigezo nitakavyotumia

Nitaangalia kila njia inagusa sehemu gani ya mtu, nani anaiendesha na anapaswa kuwa na ujuzi gani, ushahidi wake una uzito kiasi gani, inaweza kudhuru vipi, na mtu wa Dodoma anaifikiaje. Kigezo cha kwanza ndicho kikubwa kuliko vyote kwangu. Kuna maumivu yaliyokwama mwilini: moyo unakwenda mbio honi ikipigwa, mabega yamekaza, usingizi unakatika saa nane usiku. Na kuna maumivu yaliyokwama kwenye maana: kwa nini mwanangu, kwa nini Mungu aliruhusu, nitajisamehe vipi. Wengi tuna yote mawili, ila mara nyingi moja ndilo linaloongoza.

Farasi

*Inagusa nini.* Farasi ni mnyama aliyeumbwa kukimbia wanaomwinda. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, na kila sikio lake hugeuka peke yake kufuata sauti. Kwa sababu hiyo anausoma mwili wa anayemkaribia kabla hajaguswa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi picha za nyuso za watu. Walipoona uso wenye hasira, mapigo ya moyo wao yalipanda haraka zaidi, nao waliutazama zaidi kwa jicho la kushoto, jambo ambalo wanyama wengi hufanya wanapohisi tishio.

Katika kikao cha ushauri mteja kwa kawaida hapandi. Anaingia uwanjani, anamsogelea farasi, anampiga brashi, anamwongoza kwa kamba kupita kati ya vizuizi bila kumlazimisha. Akija na ngumi zimekunjwa na pumzi fupi, farasi hurudi nyuma au hugeuza ubavu. Hapo mshauri anauliza: umehisi nini mwilini alipokukwepa? Mteja anatulia, anashusha mabega, anapumua polepole, na mara nyingi farasi naye anainamisha kichwa na kusogea. Mtu ambaye mwili wake umekaa kwenye ulinzi tangu siku ya tukio anayaona matokeo ya kutulia kwake papo hapo, nje yake, kwa kiumbe kisichojua kubembeleza. Hilo ni gumu kulipata kwa mazungumzo.

Kuna faida nyingine ninayodhani ina uzito wa pekee kwetu. Farasi hajui ukoo wako. Hamjui mumeo, hajasikia maneno ya mtaani, na kesho hatakutana na shangazi yako sokoni Majengo.

*Nani anaendesha.* Hapa ndipo wengi hupotea. Mfumo unaojulikana zaidi ni wa EAGALA, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999. Unataka watu wawili wawepo muda wote: mtaalamu wa afya ya akili na mtaalamu wa farasi. Mmoja anamtazama mtu, mwingine anamtazama mnyama. Mfumo huo ni tofauti na tiba ya viungo kwa kupanda farasi, ambayo ilipata umaarufu baada ya mpanda farasi Lis Hartel wa Denmark, aliyekuwa amepooza miguu kwa polio, kushinda medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Na zote mbili ni tofauti na utalii wa kupanda farasi. Kuzunguka shambani juu ya tandiko kunafurahisha, lakini furaha hiyo haihesabiki kuwa tiba.

*Ushahidi.* Unatia matumaini, bado haujakomaa. Chuo Kikuu cha Columbia kilifuatilia wanajeshi wastaafu 63 wenye kiwewe waliohudhuria vikao 8 vya kikundi pamoja na farasi, kimoja kila wiki. Dalili za wengi wao zilipungua. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopata huduma nyingine, kwa hiyo hatuwezi kutenganisha kazi ya farasi na kazi ya kikundi, ya mshauri, au ya muda wenyewe.

*Kinachoweza kudhuru.* Farasi mzima ana kilo 400 hadi 500 na teke lake huvunja mfupa. Mwenye pumu anaweza kusumbuliwa na vumbi la majani makavu. Anayeogopa wanyama sana anaweza kuongezewa hofu badala ya kupunguziwa, kama msimamizi ana haraka.

*Kuifikia ukiwa Dodoma.* Kusema kweli, hapa ndipo njia hii inapolemewa. Farasi ni wachache katika ukanda wetu, na sababu zake ni za zamani. Mbung'o, na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, ambao aina yake kali huweza kuua farasi 9 kati ya 10 walioambukizwa, viliwazuia kuenea sehemu kubwa ya bara hili. Kisha kuna matunzo. Farasi mmoja anataka takribani kilo 10 za majani makavu kwa siku na maji lita 30 au zaidi, katika mkoa ambao mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na familia nyingi huhesabu maji kwa dumu.

Farasi wa kupandwa wapo zaidi Arusha na Kilimanjaro, kwenye mashamba yanayohudumia watalii, na Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha farasi Dar es Salaam. Kutoka Dodoma kwenda Arusha kwa njia ya Kondoa na Babati ni zaidi ya kilomita 400. Tiba inayotaka kikao kila wiki kwa miezi miwili haiwezekani kwa nauli hiyo, isipokuwa una ndugu wa kukupokea huko, na umehakikisha kwamba unakokwenda kuna mshauri mwenye taaluma anayeshirikiana na mtunza farasi.

Lakini tunao punda. Shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1969, limekuwa likitumia punda kuwasaidia watoto na watu wazima wenye mahitaji ya kihisia. Punda akishtuka huelekea kusimama kuliko kutoroka, na hilo humfanya awe rahisi zaidi kwa anayeanza. Pia anastahimili ule ugonjwa unaomaliza farasi. Punda wa vijijini Bahi au Mpwapwa anayebeba madumu asubuhi hadi jioni, mwenye vidonda mgongoni, hafai kwa kazi hii. Aliyeumizwa akimwona mnyama anapigwa ataumia mara ya pili. Anahitajika punda aliyepumzika, asiye na maumivu, anayeruhusiwa kuondoka akitaka. Nililia kwa furaha mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulipopiga marufuku biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15, kwa sababu Dodoma yetu iliwahi kuwa na machinjio yao, na wanakijiji wengi waliamka wakakuta zizi tupu.

Ushauri nasaha wa kiimani

*Inagusa nini.* Hapa kazi kubwa ni ya maana, hatia, msamaha na matumaini. Mama aliyempoteza mtoto haulizi mapigo ya moyo wake yanakwendaje, anauliza mtoto yuko wapi sasa. Daktari hana jibu la swali hilo wala si wajibu wake. Mchungaji, padri au sheikh anaweza kukaa nalo pamoja naye.

Imani pia inampa mtu vitendo vya kufanya wakati maneno yamekwisha: kuswali kwa saa maalumu, kufunga, kuimba, kuungama, kumsomea dua marehemu. Vitendo hivyo huipa siku mpangilio, na kwa mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, mpangilio wa siku ni nusu ya vita. Halafu kuna watu. Jumuiya ndogondogo inakuja nyumbani bila kualikwa, wanawake wa kikundi wanapika, jamaa wa msikitini wanakukumbuka kwa jina. Hakuna kituo cha farasi duniani kitakachokuletea uji siku ya kumi baada ya mazishi.

Ningependa wale wanaoaibika kwa sababu wana imani na bado wanalia wakumbuke maandiko yao wenyewe. Eliya aliomba afe chini ya mti, na malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji na kumwacha alale tena. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Qurani haimhesabu kuwa na imani haba. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni inayokuja bila sababu, na akaona kwamba hazitibiwi kwa namna moja. Wazo hilo lina zaidi ya miaka elfu moja, na bado kuna wanaowaambia wagonjwa kwamba sonona ni uhaba wa swala.

*Nani anaendesha.* Maombezi na ushauri nasaha wa kiimani ni vitu viwili. Mwombezi anakuwekea mikono. Mshauri anakusikiliza muda mrefu, anauliza, anakuachia uamuzi, na anarejea nawe wiki inayofuata. Mafunzo rasmi ya kazi hii yana historia: mwaka 1925 Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyewahi kulazwa yeye mwenyewe kwa ugonjwa wa akili, alianza kuwapeleka wanafunzi wa teolojia wodini katika hospitali ya Worcester ili wajifunze kutoka kwa wagonjwa. Tanzania, mafunzo ya aina hiyo yamekuwa yakitolewa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa hiyo si dharau kumuuliza kiongozi wako wa dini amesomea wapi ushauri nasaha. Wenye mafunzo hufurahi wakiulizwa.

*Ushahidi.* Ni mzito kidogo kuliko ule wa farasi, lakini unataka kusomwa vizuri. Watafiti wakiongozwa na Harold Koenig wa Chuo Kikuu cha Duke waliwagawa watu 132 wenye sonona na magonjwa sugu katika makundi mawili. Wote walipata vikao 10 vya tiba ya kurekebisha fikra na mwenendo: kundi moja kwa njia ya kawaida, jingine kwa kutumia imani ya mgonjwa mwenyewe, awe Mkristo, Mwislamu au wa dini nyingine. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba njia zote mbili zilisaidia karibu sawa, na ile ya kiimani ilielekea kuwafaa zaidi wenye dini sana. Angalia kilichopimwa: ni tiba iliyopangwa, mikononi mwa wataalamu, iliyotumia lugha ya imani. Mkesha wa maombi haukupimwa hapo, na asiwepo wa kuutumia utafiti huo kuutangaza.

Tafiti za mwanasaikolojia Kenneth Pargament zinaonyesha upande wa pili. Mgonjwa anayeamini Mungu amemwacha au anamwadhibu huwa na hali mbaya zaidi kuliko anayeona Mungu yuko upande wake. Kiongozi anayemwambia aliyefiwa kwamba hayo ni matunda ya dhambi zake anamwongezea ugonjwa.

*Kinachoweza kudhuru.* Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa njia iliyo karibu ndiyo inayoumiza wengi ikikosewa. Kwanza siri. Katika kijiji ambacho mchungaji, mwenyekiti na baba mkwe wanakutana kila Jumapili, neno lililosemwa chumbani linaweza kurudi kama mfano kwenye mahubiri. Pili, msamaha wa kulazimishwa. Mke anayepigwa akiambiwa asamehe na arudi, hajashauriwa, amerudishwa kwenye hatari, na mahali pake pa kwanza ni dawati la jinsia na watoto la polisi. Tatu, kuambiwa aache dawa ili kuthibitisha imani. Nne, sadaka inayodaiwa kabla ya huduma. Moja tu kati ya hayo manne inatosha kukufanya uinuke uondoke, na kuondoka huko si kuiacha dini yako.

*Kuifikia ukiwa Dodoma.* Rahisi mno. Mjini kuna makanisa ya kila dhehebu, kuna Msikiti wa Gaddafi na misikiti ya mitaani, na kuna Chuo Kikuu cha St. John's cha Waanglikana. Kondoa, masheikh wanafikika kwa miguu. Vijijini katekista mara nyingi ndiye mtu pekee anayesikiliza bila kudai kitu. Gharama ni bodaboda, au hata hiyo haipo.

Na zote mbili pamoja?

Nimesikia wasiwasi kwamba kutafuta utulivu kwa mnyama ni kuchanganya imani na ushirikina. Sioni msingi wake. Katika kitabu cha Hesabu, punda wa Balaamu alimwona malaika kabla ya bwana wake kumwona. Kwa Waislamu, hadithi ya Mtume inasema heri imefungwa kwenye nywele za paji la farasi mpaka Siku ya Kiyama. Mnyama haabudiwi hapa, wala hapewi nguvu za kufukuza kitu chochote. Anatumika kukuonyesha mwili wako unavyosema.

Parokia, msikiti au kituo cha watoto chenye eneo kinaweza kuanza na punda wawili watulivu, mtunzaji anayewapenda, na mshauri nasaha aliyesomea. Gharama yake ni ndogo kuliko ya farasi mmoja, na daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kuwapima kabla ya mtu yeyote kusogezwa karibu nao.

Kulingana na hali yako

Ukiwa umefiwa karibuni na una maneno ya kusema, anza na mshauri wa imani yako. Msiba unataka watu, na imani inao.

Ukiwa umenusurika ajali au ukatili, ukaona kwamba kila ukisimulia mwili unaganda au unatetemeka, njia ya mwili itakufaa zaidi. Ukiwa na uwezo na makazi kaskazini, tafuta kituo chenye mtaalamu wa afya ya akili. Usipoweza, tafuta mtaalamu hapa Dodoma anayefundisha kutuliza mwili kwa pumzi na mjongeo, na uongeze muda wa kuhudumia mifugo ya nyumbani. Kumpiga brashi ng'ombe au kukaa na mbuzi hakuitwi tiba, ila hufundisha mikono kutulia.

Aliyeumizwa na kiongozi wa dini asilazimishwe kurudi kwenye ofisi ileile. Farasi, punda, au mshauri wa kawaida wa hospitali atampa nafasi ya kupumua, na suala la imani litasubiri mpaka yeye mwenyewe atakapolirudia.

Mtoto aliyenyamaza tangu tukio hufunguka mara nyingi mbele ya mnyama kabla ya mbele ya mtu mzima. Mzazi awepo, na kama kuna dalili ya ukatili piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, kabla ya kuanza tiba yoyote.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliye mbali na kwao, mwenye bajeti ya daladala, ana sababu nzuri ya kuanza na huduma ya ushauri ya chuo pamoja na kiongozi wa dini wa hapo chuoni. Asitumie ada yake kufuata farasi.

Na mwenye imani kubwa anayeshughulika na hatia, iwe ya kutoa mimba, ya kumkosea mzazi aliyekwisha kufa, au ya kusababisha ajali, farasi hatamfikisha. Hapo panahitaji mtu anayeweza kutamka msamaha kwa mamlaka anayoyaamini mteja.

Kabla ya kikao cha kwanza, uliza maswali machache. Kwenye kituo cha wanyama: mtaalamu wa afya ya akili ni nani, na atakuwepo muda wote? Mnyama anapumzishwa lini? Kwa mshauri wa imani: nitakayosema yataishia hapa? Utanipeleka hospitali ukiona nazidiwa? Unasemaje kuhusu dawa zangu? Akijibu kwa kusitasita swali la siri au la dawa, mtafute mwingine.

Kisha andika kwenye daftari tarehe uliyoanza na mambo mawili au matatu unayotaka yabadilike, kama kulala usiku, kula, au kupita mahali pa tukio. Yasome tena baada ya wiki nane. Yakiwa hayajasogea, badilisha mshauri au nenda kliniki na daftari hilohilo mkononi, maana daktari atauliza mambo hayohayo.